Tunataka nyumba ya kwanza hapa Arusha. Msaada wa serikali uko wapi hasa?

#1 Nesi_wa_Sombetini

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu kidogo, wenye haraka mnisamehe.

Mimi ni nesi wa hospitali binafsi hapa Arusha, mume wangu ni fundi wa magari ya utalii. Msimu ukiwa juu anaingiza vizuri. Ikifika Aprili, mvua zimekolea na wageni hakuna, tunakula mshahara wangu. Tumepanga Sombetini mwaka wa saba huu, vyumba viwili na sebule, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Zamani nilikuwa napiga hesabu ya kodi yote tuliyomlipa. Siku hizi nimeacha, inaniharibia usingizi.

Mwezi uliopita nikajikaza nikaingia benki kuulizia mkopo wa nyumba. Benki siitaji. Nyumba tuliyoiona iko upande wa Olasiti, vyumba vitatu, milioni 75, na sisi tuna akiba ya 15. Kijana wa mikopo alinipokea vizuri tu, akachukua kikokotoo, akaingiza 60,000,000, riba 17%, miaka 15. Akakigeuza nione mwenyewe: 923,000 na ushee kila mwezi. Nikamwambia, mdogo wangu, hebu weka miaka 20. Akabonyeza tena: 880,000. Yaani nikikubali kudaiwa miaka mitano zaidi napunguziwa elfu arobaini na tatu! Nikamuuliza inakuwaje. Akasema, "Dada, mwezi wa kwanza riba peke yake ni 850,000. Mkopo wenyewe unapungua kama 73,000 hivi." Mshahara wangu haufiki hata hiyo riba. Nikamshukuru, nikapewa kalenda ya ukutani, nikaondoka.

Sasa kilichonileta hapa. Mtoto wa baba yangu mdogo anaishi Leicester, Uingereza. Ananiambia wao wana akaunti inaitwa Lifetime ISA, imeanza 2017. Unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inakuongezea robo yake, hadi pauni 1,000 kila mwaka. Siku ya kununua nyumba ya kwanza unachukua yote. Ukizichomoa ukale harusi wanakukata 25%. Yaani unapewa hela kwa sababu tu hujawahi kuwa na nyumba!

Swali: hapa kwetu, anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza serikali inamsaidia nini? Sitaki maneno, nataka shilingi. Anayejua aniambie niende ofisi gani nikaombe fomu gani.

Nawasilisha.

#2 chalii_wa_ngarenaro

Msaada upo dada. Wanakusaidia kukumbuka kodi ya jengo kila ukinunua LUKU.

#3 Nesi_wa_Sombetini

Hiyo nailipa vizuri sana, na jengo la mwenzangu.

#4 Daftari_la_Tatu

Dada Nesi, nimekaa kwenye dawati la mikopo miaka kumi na moja, ngoja nikupe ninavyojua.

Msaada upo, ila hauji mlangoni kwako, unapita mlango wa nyuma wa benki. Mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni ambayo kazi yake ni kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ili nazo ziweze kukukopesha wewe miaka 15 au 20. Kabla ya hapo benki ilikuwa na amana za watu wanaoweza kuja kuzitoa kesho asubuhi. Hela ya namna hiyo utamkopeshaje mtu wa miaka 15? Serikali na Benki ya Dunia wakaingia hapo. Kwa haki kabisa, imesaidia kwenye muda. Kwenye riba ndiyo hiyo uliyooneshwa kwenye kikokotoo.

Pili, bajeti ya 2023/24 ilikuja na msamaha wa VAT kwa nyumba mpya isiyozidi milioni 50, inayouzwa na mwendelezaji (yaani anayejenga nyumba za kuuza) kwa mtu anayenunua mara ya kwanza. VAT ni 18%, kwa hiyo kwenye nyumba ya 50 tunaongelea milioni 9. Si haba. Ukienda kwa mwendelezaji yeyote swali lako la kwanza liwe: bei hii ina VAT ndani au haina?

Tatu, watumishi wa umma wana njia zao. Kuna Mfuko wa Mikopo ya Nyumba kwa watumishi wa serikali, uko Wizara ya Ardhi. Kuna Watumishi Housing, iliyoanzishwa 2013 kwa kuwalenga wao kwanza. Wewe uko binafsi, shemeji kajiajiri. Hapo utapita getini na kurudi.

#5 chalii_wa_ngarenaro

Nyumba ya milioni 50 Arusha hii ipo wapi? Nielekezeni nikalale mlangoni kwake leo.

#6 Bati_Jekundu

Ipo. Haina choo.

#7 Kifodi_cha_Kisongo

NHC, Shirika la Nyumba la Taifa, wana mradi wa Safari City kule Mateves, dada Nesi aende akaulize mwenyewe, kuna nyumba na kuna viwanja. Ajue tu kwamba kama kazi yake ni mjini na ana zamu za usiku, nauli ni marejesho mengine hayo.

#8 Mzee_wa_Pasua

Wanangu, hamjambo. Mnaongea kana kwamba jambo hili halijawahi kuwepo.

Nchi hii ilikuwa na Benki ya Nyumba. Iliundwa mwaka 1972 na kazi yake ilikuwa hiyo. Marehemu baba alikuwa karani wa ushirika hapa Moshi, alikopa pale akajenga Pasua, nyumba hii hii ninayoandikia. Nakumbuka siku bati zinashushwa kwenye lori. Mama alizihesabu mara mbili, akazifunika kwa majani ya migomba, usiku baba akalala nje juu ya mkeka, na panga ubavuni. Kadi ya marejesho ninayo mpaka leo kwenye sanduku la chuma, imejaa mihuri hadi ukingoni, mahali pengine karani alikosa nafasi akagonga muhuri juu ya muhuri.

Baba alimaliza deni. Waliokopa wasirudishe walikuwa wengi, na mwaka 1995 benki ikafungwa. Ndiyo maana nikisikia mtu anadai mikopo nafuu ya serikali, mimi swali langu huwa moja: nani atakwenda kudai?

#9 Bati_Jekundu

Shikamoo Mzee. Umeruka 2002, serikali ilipoanza kuwauzia watumishi nyumba zake, zile zenye bustani na miti ya kivuli. Ule nao si ulikuwa msaada wa wanunuzi wa mara ya kwanza? Ila wengine sijui ilikuwa mara yao ya ngapi.

#10 Mzee_wa_Pasua

Marahaba. Sikuiruka mwanangu, niliinyamazia.

#11 Njia_ya_Namanga

Kazi yangu iko Nairobi, familia iko Sakina, kwa hiyo naishi kwenye magari ya Namanga. Niwaambie ya jirani.

Kenya wana tozo ya nyumba. Unakatwa 1.5% ya mshahara wote, na mwajiri anaongeza 1.5% yake. Mahakama ikasema Novemba 2023 kwamba tozo ile haikufuata Katiba. Wakarudi bungeni, Machi 2024 ikapatikana sheria mpya, makato yakaendelea. Nyumba unaiomba kwenye mtandao unaoitwa Boma Yangu. Kwenye mshahara wa 60,000 za kule ni 900 yako na 900 ya mwajiri, kila mwezi unaompa Mungu.

Sasa mwenzangu wa meza ya pili ana nyumba yake Kitengela tangu zamani, anakatwa. Mimi sina mpango wa kuishi kule, nakatwa. Mlinzi wa getini kwetu, ambaye ndiye hasa mwenye shida ya nyumba, anakatwa na bado hajapata hela ya kianzio. Maghorofa yanainuka, sitasema uongo, nayaona. Lakini dada Nesi, kabla hujaomba serikali ikupe, chungulia kwanza kama mkono wake hauko kwenye pochi yako mwenyewe.

#12 Kahawa_na_Takwimu

Nimesoma Uingereza miaka minne, nimeiona hiyo michezo. Lifetime ISA ni ndogo. Mpango mkubwa ulikuwa Help to Buy, kuanzia 2013 hadi 2023. Wewe unakuja na 5% ya bei, serikali inakukopesha hadi 20% kwa nyumba mpya (London ikafika 40% tangu 2016), na miaka mitano ya kwanza hulipi riba kwenye hilo fungu la serikali. Watu walinunua, sikatai. Lakini mwaka 2022 kamati ya Bunge lao la juu, la Malodi, iliandika kwamba pale penye uhaba mkubwa mpango ulipandisha bei kuliko hata thamani ya msaada wenyewe, na kwamba hela ile ingefaa zaidi kuongeza nyumba. Australia nao walianza kumpa mnunuzi wa kwanza dola 7,000 mwaka 2000, kumpoza na kodi mpya iliyoanza mwaka huohuo. Msaada wa aina hiyo ukishaanza, hakuna mwanasiasa anayetaka kuwa yeye wa kuufuta.

Hamishia Arusha. Serikali itangaze leo usiku kwamba kila mnunuzi wa kwanza anapewa milioni 5. Dalali wa Njiro atasikia kabla yako. Kesho mchana kiwanja cha 20 kimekuwa 25, na atakwambia kuna mteja mwingine yuko njiani anakuja nacho.

#13 Nesi_wa_Sombetini

Kaka nimekuelewa, ila nimegundua hoja hiyo huwa inatoka kwa mtu ambaye ana kwake. Wewe umepanga?

#14 Kahawa_na_Takwimu

Nimejenga Usa River. Umenikamata.

#15 Mangi_wa_Kibosho

Aisee, nisikilizeni na mimi, maana mwenzenu ardhi ninayo ya bure na bado nimekwama.

Mimi ni mziwanda. Kwetu Uchagani mziwanda ndiye anayebaki na nyumba ya baba, kwa hiyo kihamba cha Kibosho, yaani shamba la ukoo, kimeangukia kwangu. Nyumba imechoka, mbao zimeliwa, nikataka mkopo niishushe nijenge ya kueleweka. Ofisa wa benki akapanda hadi juu siku hiyo ina manyunyu, viatu vyake vyeusi vikawa rangi ya udongo. Nikamtembeza: migomba, mikahawa ya babu, zizi, mfereji. Akauliza hati, nikampa barua ya kijiji. Akaandika kwenye daftari, hakusema kitu. Tukafika nyuma ya nyumba, akaona masale yaliyopandwa kuzunguka sehemu moja.

"Hapa ni nini?"

Nikamwambia makaburi.

"Mangapi?"

Sita. Nikaanza kumtajia, babu, bibi, baba mkubwa. Akafunga daftari polepole, kwa adabu kabisa, akaniambia, "Kaka, ukishindwa kulipa, sisi hapa tutamuuzia nani?"

Nilipandwa na hasira, halafu zikashuka zenyewe, maana hata mimi nisingemuuzia mtu. Kihamba hakiuzwi. Mama alikuwa anasikia kila kitu kutoka jikoni. Akatoka na kikombe cha maziwa, akampa yule kijana, akamwambia anywe kabla hajaanza kushuka. Mkopo uliishia hapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka hati ya kimila, hilo najua, nimeshaambiwa na kila mtu. Ila benki haiangalii karatasi tu, inaangalia mnunuzi. Serikali ikileta ruzuku ya kununua nyumba, sisi wa vihambani tunanunua nini, nyumba ya baba kutoka kwa mama?

#16 chalii_wa_ngarenaro

Hayo maziwa yameniuma kuliko mkopo.

#17 Fundi_Lenta

Jamani mimi ni fundi, mtanisahihisha kwenye mambo ya Malodi. Nimejenga Muriet, Olasiti, Moshono, hadi Tengeru. Nimekaa hapa nasoma nikawa najiuliza, huyu mnunuzi wa nyumba mnayemwongelea ni nani? Katika wateja wangu wote sijawahi kumwona.

Mteja wangu yuko hivi. Ananunua kiwanja, anakaa mwaka. Anamwaga tripu mbili za mawe, anakaa. Akipata mchezo wa kikundi anajenga msingi, hela inaisha, mke analia. Baadaye boma linasimama. Linakaa bila bati miaka mitatu, mvua inaingia, kuna mmoja Muriet mparachichi umeota sebuleni ukafika kwenye lenta, siku ya kupaua akakataa nisiukate kwanza mpaka uzae. Akishapaua anahamia hata kama madirisha ni maturubai, kwa sababu kodi ya miezi sita imeisha na mwenye nyumba anampigia simu. Sakafu na dari atazifanya akiwa ndani. Hivyo ndivyo watu wanavyopata nyumba mji huu.

Sasa turudi kwenye ule msamaha wa VAT alioueleza Daftari. Unamhusu anayenunua nyumba iliyokwisha. Nesi akienda dukani akanunua mfuko wa simenti kwa 17,500, ndani yake kama 2,670 ni VAT. Nondo zina VAT. Bati zina VAT. Rangi, vigae, bomba la choo, vyote. Hakuna muuza duka aliyewahi kumuuliza mtu kama hiyo ndiyo nyumba yake ya kwanza. Kwa hiyo mwenye milioni 50 kwa mkupuo anasamehewa, na anayenunua mifuko mitano mitano kila mwisho wa mwezi analipa mpaka shilingi ya mwisho. Kama kuna mtu humu anajuana na mbunge ampelekee hilo tu, sihitaji jina langu litajwe.

#18 Daftari_la_Tatu

Fundi, hilo goli limeingia. Miaka yote niliyokaa kwenye dawati sikuwahi kulitazama kwa upande wako.

Niongeze kidogo. Chini ya mradi uleule wa TMRC ulitengenezwa pia mfuko wa mikopo midogo ya nyumba, unasimamiwa na Benki Kuu, na ulilenga hasa huyo mteja wako wa msingi kwanza, bati baadaye. Wazo zuri. Ila nao unapita kwenye taasisi za fedha, na kila mkono unaopitia unaweka asilimia zake. Ukifika kwa mama wa Muriet ni mkopo kama mingine, tofauti ni kwamba muda wake ni mrefu kidogo.

#19 Bati_Jekundu

Na tafadhali asije mtu hapa akamshauri dada wa watu achukue mkopo wa kausha damu amalizie kupaua. Nina jirani alipaua mwezi wa tatu, mwezi wa tisa bati zikashushwa.

#20 Wakili_Mama_Wawili

Nimesoma yote. Ya riba mmeyamaliza, mimi niseme ya karatasi, kwa sababu kesi ninazoziona zinaanzia hapo.

Nesi, kwanza jina. Hela mmeweka wote wawili, basi hati iandikwe majina mawili. Usikubali ile ya "andika langu kwanza tutabadilisha". Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, lakini ridhaa ya karatasi watu wanaighushi. Jina lako likiwa kwenye hati, wa kukughushi anapata kazi kubwa zaidi.

Pili, mkataba uliogongwa muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Unaonesha tu kwamba mliuziana mbele ya watu. Kabla hamjatoa hata senti, nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi, mwone kiwanja kimepimwa au hakijapimwa, kiko kwa jina la nani, na hakina zuio wala rehani ya mtu. Muulize na matumizi: msijekuwa mnanunua barabara au uwanja wa shule. Muuzaji akinuna kwa sababu mmesema mnakwenda kuangalia, hapo ameshawajibu.

Tatu, kama ardhi ni ya ukoo, watie saini wote wenye haki. Si kaka mkubwa peke yake.

#21 Nesi_wa_Sombetini

Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na mume wangu. Yeye alicheka kwenye mparachichi, mimi nilinyamaza kwenye kadi ya Mzee wa Pasua.

Ile nyumba ya Olasiti tumeachana nayo. Nimempigia dalali, akaniambia bahati yangu mbaya, kuna mteja mwingine yuko njiani. (Kahawa, nilikukumbuka.)

Kuna kiwanja Muriet, mwenzangu wa kazini anauza, milioni 9, anasema kimepimwa na namba anayo. Jumatatu nina zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi tunakwenda ofisi ya ardhi wote wawili na hiyo namba. Nimeshamwambia muuzaji. Hakununa. Majina yatakuwa mawili, mume wangu amekubali kabla sijamaliza sentensi, na hilo Wakili nakushukuru maana nilikuwa naona aibu kulianza mimi.

Kikipatikana tutabaki na milioni 6. Ya serikali nitaisubiri nikiwa kwangu. Fundi, 6 inatosha msingi wa vyumba vitatu, au nipunguze viwe viwili na sebule?

#22 Fundi_Lenta

Kabla sijajibu, udongo wa hapo ni mwekundu au mweusi? Ule unaopasuka kiangazi ukaingiza kidole?

#23 Nesi_wa_Sombetini

Mume wangu anasema mweusi. Alipoenda kukiona viatu vilinata.

#24 Fundi_Lenta

Aisee. Basi vyumba viwili na sebule, na usikubali fundi yeyote aanze kupanga mawe juu juu. Tutachimba tuutoe ule mweusi mpaka tukute pagumu, tujaze moramu na kushindilia, halafu ndiyo mawe na mkanda wa zege wenye nondo. Jumatatu mkimaliza ofisi ya ardhi nipigieni simu, nije na sururu nichimbe shimo moja tuone kina chake. Hiyo siku sichaji, mniletee chai tu.